Kliniki ya kifua ya watoto, Ngara: nyota nne, na ya tano imebaki kwenye ngazi

Nawapa nyota nne. Ya tano wangeipata kama si kuweka kliniki ya watoto wenye shida ya kupumua ghorofa ya tatu, kwenye jengo lisilo na lifti. Aliyetia sahihi mkataba wa kukodi pale nadhani hajawahi kubeba mtoto anayepiga mluzi kifuani. Hilo nitalifikia. Kwanza niseme kwa nini bado tunazipanda hizo ngazi, ilhali kule Kariobangi South tunakoishi kuna vituo vya afya karibu na mlango wa nyumba.

Mimi ni fundi wa magari, gereji yangu iko Grogan, kando ya Barabara ya Kirinyaga, na kutoka pale hadi Ngara ni kutembea tu. Binti yangu Shiru ana miaka minane, na ana pumu, ingawa ilichukua miaka kujua. Kifua kilianza kumsumbua kabla hajaanza chekechea, na kwa muda mrefu matibabu yake yalikuwa ya aina moja: usiku anakohoa hadi anatapika, asubuhi tunakimbia kituo, anawekewa nebulaiza, ile mashine ya kuvutisha dawa kama mvuke, anapata nafuu, tunapewa amoksilini na chupa ya dawa ya kikohozi, tunalipa, kwaheri. Wiki kadhaa zikipita tunarudi, na kila kitu kinaanza upya kana kwamba hawajawahi kutuona. Kuna kituo kimoja, sikitaji jina, ambako kijitabu chake kilijaa "nimonia, nimonia, nimonia", na hakuna aliyejiuliza ni nimonia gani hii inayoisha kwa dakika ishirini za mvuke.

Nina wateja wa namna hiyo. Gari linachemsha, na badala ya kuleta rejeta itazamwe inakovuja, wanaweka jerikeni ya maji kwenye buti na kujaza kila wakisimama. Inhela ya bluu, kile kikopo cha kuvuta dawa ya kufungua mirija ya hewa iliyobana, ikitumika peke yake mwaka mzima ndiyo ile jerikeni. Hawa wa Ngara walitafuta panapovuja, na wakatuita turudi ili waone kama pameziba. Huduma ninayoisifia hapa ni huko kuitwa turudi. Dawa zenyewe unaweza kuzipata duka lolote la dawa mjini.

Siku ya kwanza daktari alitukalisha muda mrefu. Ni mama wa makamo, si mtu wa maneno mengi, lakini maswali yake hayaishi. Kikohozi huja saa ngapi? Akikimbia je? Akicheka sana je? Nani nyumbani ana ngozi ya kuwasha au mafua yasiyoisha? Kuna mtu mzima anayekohoa kwa wiki nyingi? Uzito wa mtoto unapanda? Hayo mawili ya mwisho, alisema, ni kwa sababu ya TB. Hawezi kuandika pumu kabla hajaiondoa TB akilini. Akaagiza picha ya kifua, ikawa safi.

Kisha Shiru akapuliza kwenye bomba lililounganishwa na kompyuta. Kwenye skrini kuna keki yenye mishumaa, na kazi ya mtoto ni kuizima yote kwa pumzi moja ya nguvu. Alizima michache tu, akanuna. Wakambonyezea salbutamol, ile ya bluu, mara nne, tukangoja dakika 15, akarudia. Safari hii mishumaa ilizimika karibu yote. Daktari akanigeuzia skrini: hewa anayoitoa katika sekunde ya kwanza ilikuwa imepanda kwa zaidi ya asilimia 12, na hicho ndicho kiwango wanachokitafuta. Mirija ilikuwa imebana, dawa ikaifungua. Nimonia haifunguki hivyo. Miaka yote ile, na kipimo chenyewe ni cha nusu saa.

Akaandika inhela mbili: ya bluu ya kufungua mirija mtoto anapobanwa, na ya kahawia, beklometasoni, ya kutuliza uvimbe ndani ya mirija. Hii ya pili ni ya kila siku, asubuhi na jioni, hata mtoto akiwa anaruka kamba. Baada ya hapo daktari alitukabidhi kwa sista, na hapo ndipo kliniki inapoanza hasa.

Sista huyu hamuulizi mzazi, "Mnajua kutumia?" Kila mtu atajibu anajua. Anakaa, anakunja mikono, anasema, "Baba Shiru, nionyesheni." Mnafanya mbele yake. Tikisa inhela, ichomeke nyuma ya speisa, ile chupa ya plastiki yenye vali, mtoto akae wima, abane midomo vizuri, bonyeza mara moja tu, kisha avute na kutoa pumzi polepole mara tano au sita huku mzazi akiangalia vali inavyocheza. Halafu mnatikisa tena ndipo mbonyeze mara ya pili. Ukibonyeza mara mbili kwa pamoja, dawa nyingi inanata kwenye plastiki na haifiki kifuani. Ikiwa ni ile ya kahawia, mtoto asukutue mdomo na kutema, la sivyo ulimi unaweza kuota utando mweupe.

Na anasema "nionyesheni" kila mnaporudi. Mara ya kwanza niliona kama dharau kidogo. Lakini ziara moja alimnasa Shiru akivuta kwa nguvu mpaka speisa inalia firimbi. Mtoto alikuwa amejifunza kuiliza makusudi, kwake ni mchezo mtamu. Sista akamwambia ile firimbi inalia ili kumwambia anavuta kwa haraka mno, dawa inagonga koo na kubaki hapo. "Nataka uvute nisikusikie." Tangu siku hiyo nyumbani ni mashindano ya kuvuta kimya.

Kama fundi, kuna jambo moja lilinifurahisha kupita kiasi. Speisa inaoshwa kwa maji ya vuguvugu na sabuni ya vyombo, kisha inaachwa ikauke yenyewe. Usiifute kwa kitambaa. Ukiifuta, plastiki inashika umeme tuli, na huo unavuta chembe za dawa zigande ukutani badala ya kwenda kwa mtoto. Nilimuuliza sista vali inadumu muda gani, chemchemi ya inhela inakaa wapi, gesi inayosukuma dawa ni gani. Alijibu anayoyajua na mengine akaenda kumuuliza daktari. Wahudumu wengine wangenifukuza.

Hesabu ya mkebe nayo wameipanga vizuri. Mkebe wa inhela kama yetu una mibonyezo 200. Ya kahawia Shiru anatumia miwili asubuhi na miwili jioni, yaani minne kwa siku, kwa hiyo siku 50 basi. Sista anaandika kwa kalamu ya wino mzito, palepale kwenye mkebe, tarehe ya kufungua na tarehe ya kwisha. Kwa inhela zisizo na kihesabio hili ni muhimu, kwa sababu dawa ikiisha gesi bado inatoka. Unasikia "fss", mtoto anavuta hewa tupu, na wewe unasema dawa imekataa. Ile mbinu ya kutumbukiza mkebe kwenye maji uone kama unaelea, wanasema wasiotaka kukudanganya, haiaminiki.

Kwenye rafu ya sista kuna chupa ya soda ya nusu lita, chini imetobolewa tundu linalolingana na mdomo wa inhela. Nikadhani ni takataka iliyosahauliwa. Kumbe ni speisa ya maskini: inhela inaingia kwenye tundu, mtoto anavutia mdomo wa chupa. Watafiti wa Cape Town waliijaribu kwa watoto waliobanwa na pumu na kuchapisha matokeo mwaka 1999. Ilifanya kazi sawa na ile ya kununua. Sista huwafundisha kuitengeneza wazazi ambao speisa ya dukani imewashinda bei. Nimefanya biashara Nairobi miaka mingi, na sijaona wengi wanaomwambia mteja kuwa kitu wanachouza anaweza kujitengenezea bure.

Kuna karatasi ya maswali saba ambayo hujazwa kila mnaporudi. Manne ni ya mtoto mwenyewe, na anajibu kwa kuchagua sura: inayocheka, ya kawaida, iliyonuna, inayolia. Matatu ni ya mzazi. Jumla ya juu ni 27. Ikiwa 19 au chini ya hapo, pumu haijadhibitiwa. Nilipenda kwamba mtoto anaulizwa kwanza na mzazi ananyamaza. Swali la kuamka usiku, Shiru akagusa sura iliyonuna. Nyumbani analala chumba kimoja na shosho, mama yangu, ambaye sikio moja halisikii, na mtoto alikuwa akikohoa hadi alfajiri bila kumsumbua mtu. Angekuwa ameulizwa mzazi peke yake, hilo lisingejulikana. Siku hiyo dawa ya kahawia iliongezwa kidogo.

Tulinunua pia kipimo cha kupuliza, bomba dogo la plastiki lenye mshale. Anapuliza mara tatu, unaandika ile ya juu. Rekodi yake nzuri ni 220. Sista akatugawia hesabu kwa rangi: kuanzia 176 kwenda juu ni kijani, kati ya 110 na 176 ni manjano, chini ya 110 ni nyekundu. Hizo ni namba za Shiru, mtoto wako atapimwa apate zake. Karatasi imebandikwa mlangoni. Nairobi nzima hakuna anayeheshimu taa za barabarani, lakini hizi nyumbani kwangu zinaheshimiwa. Manjano, kuna idadi ya kubonyeza ya bluu na kuna namba ya kupiga. Nyekundu, au mbavu zikivutwa ndani, au akishindwa kumaliza sentensi, au midomo ikigeuka rangi, hospitali mara moja, na njiani tunaendelea na ya bluu kwa speisa kama karatasi inavyosema, bila kungoja foleni ya barabara iishe.

Na iliwahi kufika nyekundu. Ilikuwa Julai, ile baridi ya Nairobi yenye mawingu yasiyoinuka, shule nzima ina mafua. Tulimpeleka hospitali usiku, tukarudi naye kesho yake. Sikuwapigia kliniki, wao ndio walionipigia, kwa sababu siku ya kawaida ya simu yao ilikuwa imefika: "Baba Shiru, wiki hii ya bluu mmeitumia mara ngapi?" Nikamweleza. Akasema asimalize wiki kabla hawajamwona. Tulipofika waliangalia mkebe, speisa, namna ya kuvuta, wakauliza nani alimpa dawa asubuhi na nani jioni, wakagundua mfuko wa inhela ulikuwa ukibaki shuleni Ijumaa hadi Jumatatu. Wikiendi zote hakuwa na kahawia. Kuanzia hapo ya kahawia haitoki nyumbani, ya bluu ina pacha yake shuleni pamoja na barua kwa mwalimu wa darasa, yenye ruhusa ya mtoto kuitumia kabla ya kukimbia.

Baadaye, alipokaa miezi mitatu bila shida, walimpunguzia dozi. Wenyewe. Sikuomba.

Ile siku nilipomleta shosho ndiyo niliyoogopa zaidi. Mama yangu ana msimamo: inhela humzoesha mtoto, akishaianza haiachi hadi kaburini, na kitunguu chenye asali kilitulea sisi sote. Alipanda zile ghorofa akinung'unika kila ngazi. Sista akamsalimu kwa heshima, akampa kiti chake mwenyewe.

"Shosho, unaogopa atazoea?"

"Si mimi tu. Kanisa letu lote linajua."

"Ya kahawia haina ulevi. Akiiacha hataitamani. Atabanwa tu, kwa sababu ugonjwa ulikuwa umelala, haukuwa umeondoka."

Shosho akageukia urefu: amesikia dawa hizi zinafupisha watoto. Nilitegemea sista aseme ni uongo. Akamwita daktari, na daktari akasema kweli, kwa baadhi ya watoto wanaoitumia kwa muda mrefu inaweza kupunguza urefu kidogo, kama sentimita moja akishakuwa mtu mzima, ndiyo maana wanampa dozi ndogo kabisa inayotosha na wanampima urefu kila akija. Kisha akauliza, "Na mtoto asiyelala usiku, shosho, atarefuka vipi?" Mama akacheka. Asali bado anampa, na kliniki haikukataza. Lakini jioni ni yeye anayepaza sauti, "Shiru, kahawia!"

Kuhusu nyumbani, sista hakuniambia nihame. Ni jambo dogo lakini wengine husema hivyo kirahisi. Tuko upande ambao upepo ukigeuka unaleta moshi wa jaa la Dandora, lililotangazwa kuwa limejaa tangu 2001 na bado linapokea takataka. Hilo haliko mikononi mwangu, na sista hakupoteza muda nalo, isipokuwa kusema siku za moshi mzito mtoto acheze ndani na dirisha la upande ule lifungwe. Alishika ya mikononi mwangu: jiko la makaa litoke ndani, coil za mbu zibadilishwe kwa neti, mende wauliwe kwa dawa ya kupaka badala ya kupulizia, ukungu wa ukuta wa bafu ukwanguliwe mtoto akiwa hayupo. Na ovaroli yangu. "Unamkumbatia ukiwa na petroli na vumbi la breki?" Ovaroli sasa inalala Grogan.

Malalamiko sasa. Ngazi nimeshazisema, ila niongeze kwamba mtoto anafika juu anahema, na sista mwenyewe hulazimika kumpumzisha kabla hajampulizisha, yaani jengo linawaharibia hadi vipimo. Mapokezi wanapulizia manukato ya hewani yenye harufu ya kitu kinachojiita waridi. Kwenye kliniki ya pumu! Nilimwambia dada wa mapokezi, akasema ni agizo la meneja. Meneja, kama unasoma hii, tafadhali. Mpango wa rangi waliutoa kwanza kwa Kiingereza. Ule wa Kiswahili upo, umechapishwa vizuri, umefichwa kwenye droo hadi uombe. Shosho asiyesoma Kiingereza ndiye anayekaa na mtoto, sasa nani alipewa karatasi?

Bei: kumwona daktari ni shilingi 2,000, ziara za sista ni 500, na hizo za sista ndizo nyingi. Simu ni bure. Kipimo cha mishumaa ni ghali, sitaficha, lakini hakirudiwi kila mara. Duka lao la dawa liko juu ya bei za mjini, kwa hiyo mimi huchukua cheti na kushuka nacho. Hakuna aliyewahi kuninunia kwa hilo. M-Pesa wanapokea, kadi za bima si zote, ulizia kwa simu kabla hujafunga safari.

Ukienda, beba inhela zote mlizo nazo, hata zilizoisha, pamoja na speisa na daftari. Chagua katikati ya wiki, asubuhi. Jumamosi watu ni wengi na sista wa zamu ni mwingine, mpole na mwenye kujua kazi, ila huwa anaharakishwa na foleni na anaweza kukuachia bila kutazama mtoto anavyovuta. Mwambie wewe: tunataka kukuonyesha.